Kupanga banda la mita 3 kwa 3 Sabasaba, kuanzia futikamba hadi kubomoa

Kila mwaka Juni ikikaribia, maswali ni yale yale. Meza iwekwe wapi? Bango liwe la ukubwa gani? Taa ngapi zinatosha? Kwa nini banda la jirani limejaa watu na langu wanalipita tu? Mwongozo huu ni kwa mtu anayeshiriki Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza au ya pili, na amepewa nafasi ya mita 3 kwa 3 ndani ya ukumbi kwenye Viwanja vya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Barabara ya Kilwa. Kama nafasi yako iko nje, chini ya tenti, soma yote kisha usome sehemu ya tenti karibu na mwisho.

Mfano tutakaoutumia ni mzalishaji wa asali kutoka Tabora. Wewe unaweza kuwa na viungo, sabuni za mwani, viatu vya ngozi au pampu za maji. Vipimo vingi ni vile vile.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: banda hupangwa kuanzia kwenye njia wanayopita watu, ndipo unaingia ndani. Wengi huanza na meza kwa sababu meza wanayo nyumbani. Matokeo yake meza inaziba mbele, muuzaji anakaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, na banda lote la mita 9 za mraba linageuka kuwa genge. Upana wa mita 3 ni hatua nne au tano za mtu anayetembea. Ndani ya hatua hizo anatakiwa ageuze kichwa, ajue unauza nini, na aone pa kuingilia.

Kabla ya kuanza

Anza maandalizi wiki 8 kabla. Chini ya wiki 4 utalipa zaidi kwa kila kitu, na wachapishaji wa mabango watakuwa wameshajaa kazi.

Uwe na taarifa hizi kwa maandishi, usitegemee maneno ya simu:

- Namba ya banda na ramani ya ukumbi. Angalia mlango uko upande gani, na watu watakuja kwako wakitokea kulia au kushoto.
- Pande ngapi ziko wazi. Banda la katikati ya safu huwa wazi mbele tu. Banda la kona huwa wazi pande mbili, na ukuta mmoja utakuwa umepungua.
- Kuta za aina gani. Mara nyingi ni fremu za alumini zenye mbao nyeupe nyembamba, kila kipande kina upana wa karibu mita 1, na kimo ni karibu mita 2.5.
- Umeme: soketi ngapi, na unaruhusiwa kutumia wati ngapi.
- Kanuni za waandaaji, yaani TanTrade (Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania): muda wa kujenga na kubomoa, magari kuingia, kimo cha mwisho, matumizi ya gesi, na adhabu ya kuharibu kuta.

Watu unaowahitaji ni seremala, fundi umeme mwenye leseni, mtu wa kuchora mabango, na vijana wawili wa kubeba na kupanga.

Vifaa vya sanduku lako: futikamba ya mita 5, pima maji, kamba na chaki, drili ya chaji na betri ya pili, bisibisi za aina zote mbili, kisu cha kukatia na nyembe za akiba, nyundo ya mpira, ngazi ndogo ya hatua 4, testa, ekstensheni mbili zenye waya wa milimita 2.5 za mraba, selotepu ya pande mbili, tepu ya nailoni, vibano vya plastiki vya kufungia nyaya, ndoano za kutundikia zinazoingia kwenye fremu za alumini, spiriti na vitambaa visivyoacha nyuzi, ndoo, ufagio, na kopo dogo la rangi nyeupe na brashi. Hiyo rangi watu huisahau. Maonesho kwa kawaida huanza Juni 28 hadi Julai 13, yaani siku 16, na kufikia siku ya tano kona za rafu zote zitakuwa zimegongwa na mifuko ya watu.

Hatua ya 1: Lipe banda kazi moja

Amua kama unakwenda kuuza rejareja au kutafuta oda na mawakala. Vyote viwili vitafanyika, lakini kimoja ndicho kitakachopanga sakafu.

Ukiuza rejareja, unahitaji rafu nyingi, sehemu ya malipo na stoo kubwa. Ukitafuta oda, unahitaji sehemu ya watu wawili kuzungumza kwa dakika kumi bila kusukumwa. Usijaribu kugawa nusu kwa nusu kwenye mita 9 za mraba, hutapata chochote kati ya viwili. Andika kazi hiyo kwenye karatasi kwa sentensi moja, na kila kitu utakachotaka kuongeza kipime kwa sentensi hiyo. TV kubwa kwa kawaida haifaulu kipimo hicho.

Mfano wetu: "Watu waonje asali, wanunue kopo, na wenye maduka waache namba zao." Rejareja kwanza, oda kwenye kona.

Hatua ya 2: Pima nafasi yenyewe

Ukiweza kuingia ukumbini, nenda na futikamba. Kipimo cha "3 kwa 3" mara nyingi kinahesabu katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo, kwa hiyo ndani unapata sentimita kadhaa pungufu. Rafu ya mita 3 kamili haitaingia. Tengeneza kila kitu cha kukaa ukutani kiwe na upana usiozidi sentimita 290.

Pima pia upana wa ubao mmoja wa ukuta unaoonekana kati ya fremu mbili, kutoka alumini hadi alumini. Namba hiyo ndiyo utakayompa mchapishaji wa stika. Andika soketi iko wapi, nguzo ya ukumbi iko wapi, na kama kuna kizimamoto au sanduku la umeme ambalo halitakiwi kuzibwa.

Hatua ya 3: Chora banda sakafuni kwa ukubwa wake

Hapa ndipo kosa linagundulika bila gharama. Tafuta uwanja au sebule, chora mraba wa mita 3 kwa chaki au tepu. Hakikisha kona ziko sawa: pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, lazima upate mita 4.24 pande zote mbili. Zikitofautiana, mraba wako umepinda.

Sasa weka maboksi, viti na meza mahali pa vitu halisi. Mpangilio unaofanya kazi kwa mfano wetu, banda likiwa wazi mbele tu, ni huu:

- Kona ya nyuma kushoto: stoo ya mita 1 kwa mita 1, yenye pazia. Watu hawataki kutoa stoo kwenye nafasi ndogo, lakini wasipoitoa, maboksi, mabegi na chakula cha mchana vitakaa chini ya meza mbele ya wateja.
- Nyuma, kuanzia stoo hadi kulia: rafu ya upana wa sentimita 180 na kina cha sentimita 35. Kona ya nyuma kulia iache ibaki na upenyo mdogo wa kuvuta nyaya.
- Ukuta wa kulia: kaunta ya kuonjea, urefu mita 1.2, kina sentimita 50, kimo mita 1. Ianzie sentimita 60 ndani ya mstari wa mbele.
- Ukuta wa kushoto, mbele ya stoo: meza ndefu ya kusimamia, sentimita 60 kwa 60, kimo mita 1.1, na stuli mbili. Hapa ndipo oda zinaandikwa.

Katikati inabaki njia ya karibu mita 1.9. Usikubali ishuke chini ya mita 1.2, maana mtu mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi atakwama, na aliye nyuma yake ataondoka.

Waite watu sita waingie, wasimame, waonje kitu, walipe na watoke. Ukiona wanagongana mabega, toa kitu kimoja. Wahudumu wawili kwa wakati mmoja wanatosha kwenye mita 9 za mraba. Wa tatu akae nje ya banda, akipumzika au akigawa vipeperushi.

Kwa nini kaunta inarudi ndani sentimita 60? Mtu anayeonja anasimama mbele yake. Kaunta ikiwa ukingoni, yeye anasimama njiani, wanaopita wanamsukuma, na anaondoka kabla hajauliza bei. Ikiwa ndani, ameshaingia bila kujijua.

Hatua ya 4: Rafu na kaunta

Tumia MDF (ubao wa unga wa miti ulioshindiliwa) au plaiwudi ya milimita 18. Shiti moja ni mita 1.22 kwa 2.44, na banda hili linamalizwa na shiti tatu hadi nne ukipanga mikato vizuri. Kila kitu kifungwe kwa bolti na nati au skrubu. Usitumie gundi wala misumari kwenye viungo vikuu, kwa sababu banda hili utalifungua. Kila kipande kisizidi mita 1.8 kwa urefu ili kiingie kwenye gari dogo la mizigo na kibebwe na mtu mmoja.

Hesabu uzito. Rafu ya sentimita 90 inabeba makopo ya kilo 1 kama 10 kwa mstari, na ukipanga mistari miwili ni kilo 20 na zaidi. MDF ya milimita 18 ikiachwa wazi kwa sentimita 90 chini ya uzito huo kwa siku 16 itapinda katikati, na makopo yote yatainamia kama yanateleza. Weka kishikizo kila sentimita 60, au funga ubao wa kusimama wa sentimita 5 chini ya ukingo wa mbele.

Rafu isimame yenyewe kwa miguu yake. Usiitegemeze kwenye ukuta wa ukumbi. Zile mbao nyeupe ni nyembamba, na kutoboa au kupiga msumari kunaweza kukugharimu pesa ya ukuta mzima.

Bidhaa unayotaka iuzwe zaidi iweke kati ya sentimita 120 na 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho na mkono. Chini ya sentimita 60 weka akiba iliyofungwa. Hakuna mtu atakayeinama kwenye msongamano ule.

Hatua ya 5: Maneno na picha za kuta

Panga ukuta kwa umbali wa anayesoma. Herufi zinazosomeka bila taabu zinahitaji kimo cha karibu sentimita 2.5 kwa kila mita 3.

- Mita 10, mtu akiwa bado mbali: rangi kuu na jina moja. Herufi zisiwe chini ya sentimita 9, na sentimita 12 hadi 15 ni bora zaidi.
- Mita 3, akiwa njiani mbele yako: unauza nini, kwa maneno yasiyozidi saba. Herufi za sentimita 3 na kuendelea.
- Mita 1, akiwa ndani: bei, ujazo, maelezo mafupi. Herufi za sentimita 1 zinatosha.

Kosa kubwa hapa ni kuandika jina la kampuni kubwa na unachouza kidogo. Jina "Mwanga Enterprises" halimwambii mtu kitu. "Asali ya miombo kutoka Tabora" linamwambia kila kitu. Kama jina lako halisemi bidhaa, lifanye dogo. Orodha ya huduma, dira, dhamira na namba tano za simu zote zitoke ukutani. Ziweke kwenye kipeperushi.

Ukuta wa nyuma ugawe hivi kwa kimo: sentimita 200 hadi 240 jina, 150 hadi 200 maneno saba na picha, 90 hadi 150 bidhaa zenyewe. Chini ya sentimita 90 usiweke maneno yoyote, miguu na rafu zitayafunika. Usipitishe neno juu ya kiungo cha fremu mbili. Alumini italikata katikati ya herufi.

Wauza asali hupenda herufi za njano juu ya nyeupe, na kwa mita 5 hazisomeki kabisa. Tumia kahawia iliyokolea juu ya rangi ya krimu, au krimu juu ya kahawia. Njano ibaki kwenye asali.

Bango dogo la Lipa Namba lipate mahali pake, kimo cha sentimita 140, karibu na stoo, mbali na mstari wa mbele. Anayelipa kwa simu anasimama dakika mbili akisubiri ujumbe, na akisimama mlangoni anazuia wengine watatu.

Hatua ya 6: Kuandaa na kuchapisha mabango

1. Mpe mchoraji vipimo vyako vya hatua ya 2. Achore kwa ukubwa kamili au kwa moja ya kumi.
2. Toa logo kwenye faili lake la asili la PDF au SVG. Usikate logo kutoka kwenye skrini ya simu.
3. Angalia picha. Kwa nukta 100 kwa inchi, picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa upana inatoa mita 1 safi. Ukiivuta ifike mita 3 itakuwa ukungu. Picha hiyo itumie kwenye ubao mmoja tu, na kuta nyingine zipewe rangi tupu.
4. Picha zikitumwa kwa WhatsApp kama picha hupunguzwa. Zitume kama dokumenti, au zipeleke kwenye flashi.
5. Acha sentimita 5 za pindo pande zote kama bango lina matundu ya pete, na pete ziwe kila sentimita 50.
6. Kabla ya kuchapa yote, chapisha kipande kimoja cha A3 kwa ukubwa halisi, chenye logo na herufi ndogo kuliko zote. Kibandike ukutani, rudi nyuma mita 3, soma. Soma pia tahajia kwa sauti, mtu wa pili naye asome.

Chagua flexi (turubai la plastiki la kuchapia mabango) isiyong'aa, au kitambaa kilichochapwa ukiweza kukimudu. Flexi inayong'aa hurudisha taa machoni na katikati ya bango panabaki doa jeupe. Usikunje bango hata siku moja, lizungushe kwenye bomba la plastiki.

Hatua ya 7: Umeme na taa

Jumlisha wati zote kabla ya kuomba umeme. Kwa mfano wetu: taa 6 za LED za wati 20 ni 120, mkanda wa LED wa rafu 40, chaja na kompyuta mpakato 100. Jumla 260, kazi nyepesi. Sasa mtu anakuja na birika la chai la wati 2,000. Kama laini yako ni ya ampea 5, kwa volti 230 ni wati 1,150 tu, na banda lote litazimika wateja wakiwa ndani. Chai inunuliwe nje.

Ekstensheni ifunguliwe yote. Ikibaki imeviringwa kwenye kibumba chake na inabeba mzigo, inapata joto na inaweza kuyeyuka. Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni. Nyaya zipite juu ya fremu au nyuma ya rafu. Zikilazimika kuvuka sakafu, zifunike kwa kifuniko cha nyaya, maana tepu peke yake haidumu siku mbili chini ya miguu. Kazi ya kuunganisha kwenye laini ya ukumbi aifanye fundi anayeruhusiwa na waandaaji.

Taa ndizo zinazobadilisha banda kuliko pesa nyingine yoyote utakayotumia, kwa hiyo zipe muda. Zifunge juu, umbali wa sentimita 70 hivi kutoka ukutani, zikielekea ukuta na bidhaa. Zikielekezwa nje zinampiga mgeni machoni. Nne ziangalie ukuta wa nyuma na rafu, mbili ziangalie kaunta. Rangi ya mwanga iwe moja banda zima: kelvini 3,000 (mwanga wa njano kidogo) kwa asali, ngozi, mbao na vyakula, kelvini 4,000 (mwanga mweupe zaidi) kwa mashine, vipodozi na nguo. Kwenye boksi la taa tafuta CRI, yaani kipimo cha usahihi wa rangi, ya 90 au zaidi, ili rangi za bidhaa zionekane kama zilivyo.

Asali ina jambo lake. Asali iliyokolea ikimulikwa kutoka mbele inaonekana nyeusi, kama oili ndani ya chupa. Weka mkanda wa LED nyuma ya rafu, sentimita 5 au zaidi nyuma ya pleksi nyeupe inayopitisha mwanga, kisha panga chupa za kioo mstari mmoja tu mbele yake. Mwanga unapita ndani ya asali na chupa zote zinawaka rangi ya kahawia nyekundu. Watu wataliona hilo kutoka mwisho wa ukumbi. Ukiacha pengo dogo kuliko hilo, vidoa vya taa vitaonekana kimoja kimoja. Ukipanga mistari miwili, ya mbele inakuwa giza.

Hatua ya 8: Jenga nyumbani kwanza

Wiki 2 kabla, jenga banda lote kwenye ule mraba wako, washa taa, panga bidhaa. Hesabu muda. Likichukua zaidi ya saa 5 kwa watu watatu, punguza vipande. Kila kiungo kiandike namba kwa nyuma, A1 kwa A1, B2 kwa B2. Bolti za kila kipande ziwekwe kwenye kifuko chake kilichofungwa kwenye kipande chenyewe. Piga picha za kila hatua. Vijana watakaojenga siku yenyewe wawepo leo.

Hatua ya 9: Siku ya kujenga

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Piga picha kuta na sakafu kabla hujagusa kitu, ili uonekane uharibifu uliokuwepo.
2. Pitisha nyaya na ujaribu soketi kwa testa.
3. Futa mbao za ukuta kwa spiriti, subiri zikauke, ndipo ubandike stika au kutundika bango.
4. Tandika kapeti kwa selotepu ya pande mbili, kingo zote. Lifunike kwa nailoni mpaka ujenzi uishe.
5. Ingiza rafu na kaunta, zisawazishe kwa pima maji.
6. Funga taa na uzielekeze, mtu mmoja akiwa amesimama njiani anakuelekeza.
7. Panga bidhaa mwisho kabisa.

Kisha toka nje, tembea mita 20, geuka, rudi kwa mwendo wa kawaida. Rekebisha kile ambacho hakikuonekana kutoka mbali.

Kama uko nje, chini ya tenti

Juni na Julai ni msimu wa kusi, na upepo huo hauna huruma na tenti nyepesi. Kila mguu wa tenti la mita 3 kwa 3 uupe uzito usiopungua kilo 25. Dumu la lita 20 lenye maji ni kilo 20, likijazwa mchanga mkavu linakaribia kilo 32. Jaza mchanga, funga kwa kamba juu ya mguu na chini pia. Shuka la nyuma likiwa limefungwa lote tenti linakuwa tanga, kwa hiyo acha upenyo juu wa kupitisha upepo.

Mwezi Julai jua la adhuhuri Dar liko upande wa kaskazini. Tenti linaloangalia kaskazini, lenye ukingo wa mita 2, litaingiza jua zaidi ya mita 1 ndani saa sita mchana. Linaloangalia magharibi litachomwa kuanzia saa tisa alasiri. Chokoleti, vipodozi na asali virudi nyuma. Ukiruhusiwa kuchagua upande, omba kusini.

Sakafu inyanyue kwa paleti na plaiwudi. Ukipanda sentimita 10, weka mteremko wa mbele wenye urefu wa sentimita 120, watu wasijikwae. Asali ya kuonja iwe na kifuniko, kwa kuwa nyuki watakuja siku ya kwanza tu. Usiku, miguu ya kaunta isimame kwenye vikopo vya maji kuzuia sisimizi.

Matatizo ya kawaida

*Watu wanapita hawageuki.* Simama njiani usome banda lako. Kama hujui linauza nini ndani ya hatua nne, tatizo ni maneno. Chapisha bango moja la sentimita 100 kwa 50 lenye jina la bidhaa tu, litundike juu leo leo.

*Wanasimama mbele hawaingii.* Kuna kitu kimeziba, au mhudumu amesimama katikati ya mlango mikono kifuani. Asogee pembeni ya kaunta. Mara nyingine ni ukingo wa kapeti ulioinuka, miguu ya watu inaukwepa.

*Stika inabanduka kona.* Ukuta ulikuwa na vumbi. Bandua hiyo kona, futa kwa spiriti, acha ikauke, bandika tena ukikandamiza kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje.

*Bango lina mikunjo.* Litandaze juani juu ya sakafu safi kwa nusu saa, kisha litundike likiwa na bomba juu na bomba zito chini.

*Umeme unakatika kila mara.* Chomoa vyote, rudisha kimoja kimoja. Kile kinachouzima ndicho chenye hitilafu, au ndicho kinachozidisha mzigo. Usibadilishe fyuzi kwa kubwa zaidi.

*Kaunta inatikisika.* Bolti zimelegea kwa kuegemewa. Kaza kila asubuhi, na ongeza kipande cha mshazari kwa nyuma.

*Joto ndani ya banda.* Angalia kama kuna taa za halojeni. Zibadilishe zote kwa LED.

*Rafu zinaonekana tupu saa kumi jioni.* Stoo ni ndogo au haijapangwa. Jaza rafu saa tano na saa tisa, kabla wimbi la jioni halijafika.

Kubomoa

Bomoa kwa kurudi nyuma: bidhaa, taa, rafu, kapeti, mabango, nyaya. Stika ipashe joto kwa kikausha nywele kabla ya kuivuta, gundi isibaki ukutani. Piga picha za kuta ukiondoka.

Kati ya Julai 13 na mwanzo wa Nane Nane, Agosti 1, zinabaki siku 18. Banda hili hili linaweza kwenda Nzuguni Dodoma au John Mwakangale Mbeya kama halikuvunjwa. Mabango yaingie kwenye mabomba, vipande vifungwe kwa mablanketi kwa mpangilio wa namba zake, na orodha ya vilivyoharibika iandikwe hapo hapo uwanjani, kabla gari halijaondoka.